Ruzuku ya hajj kwenye chama chetu inakula amana za wanaosubiri zamu. Tuibadilishe vipi?

Mzee wa Daftari, Kisumu

Assalaam alaykum jamaa. Mimi ni mweka hazina wa chama cha hajj hapa Kaloleni, Kisumu. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa hesabu kwenye SACCO ya matatu, kwa hiyo kupigiwa kelele kwa ajili ya pesa nimekuzoea. Hili la sasa linanitisha kwa sababu hakuna anayepiga kelele. Wanachama hawajui.

Tuko watu 52. Kila mmoja analeta shilingi 3,000 kwa mwezi. Akifikisha 400,000 anaingia kwenye zamu, na kila mwaka tunapeleka watatu. Kiasi kinachopungua kwenye gharama ya safari, chama kinamjazia. Hiyo ndiyo tunayoiita ruzuku. Kanuni niliikuta hivyo nilipokabidhiwa daftari, na zamani ilikuwa nzuri tu: wakala alikuwa anatutoza kama 450,000 kwa tikiti, viza, hoteli za Makka na Madina, hema la Mina na chakula. Chama kiliongeza 50,000 kwa mtu, jumla 150,000 kwa mwaka, na pesa hizo zote zilitoka kwenye mahema.

Mahema ndiyo shamba letu. Tuna manne, pamoja na viti vya plastiki na sufuria kubwa za pilau, tunakodisha. Harusi ni chache. Mteja wetu hasa ni matanga. Kuanzia Alhamisi jioni pikapu inaelekea Ahero, Maseno, hata Bondo, na kurudi ni Jumapili na matope. Kwa kweli ni majirani zetu Wajaluo wanaotusaidia kwenda Makka kwa kuzika wafu wao kwa heshima, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nikishatoa ujira wa vijana, mafuta, na viti vilivyovunjwa na watu wazito, tunabaki na kama 240,000 kwa mwaka. Siku hizi kila mtaa una mtu wa mahema, kwa hiyo sitarajii zaidi.

Sasa wakala anataka 850,000. Mwanachama bado anatoa 400,000 yake, kwa sababu kanuni imeandikwa hivyo. Chama kinaongeza 450,000. Mara tatu ni 1,350,000. Mahema yanatoa 240,000. Zile 1,110,000 zinazobaki zinatoka wapi? Zinatoka kwenye michango ya wale 49 waliobaki nyuma wakingoja zamu zao.

Juzi nilikaa nikajumlisha vitabu vya wanachama, kimoja baada ya kingine. Vinasema chama kinadaiwa milioni 9.4. Benki ina milioni 7.1.

Mwenyekiti ananiambia nitulie, bei itashuka, si dola ilikaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 kisha ikarudi karibu na 130? Ilirudi, sikatai. Bei ya wakala haikurudi nayo.

Katika watatu wanaofuata kuna mama mmoja anayeuza omena Kibuye. Amepita miaka sabini. Kila akiniona ananiuliza ile chanjo ya homa ya uti wa mgongo inadungwa hospitali gani. Nikisimamisha ruzuku leo, nitamwambia nini? Nisiposimamisha, kuna vijana walioingia mwaka jana ambao zamu yao haitafika na pesa zikiwepo.

Najua kuna nchi zenye mifuko mikubwa ya namna hii. Wao walifanyaje? Na mnaonaje, nianzie wapi bila kuvunja chama?

---

Binti wa Bondeni, Nakuru

Wa alaykum salaam, Mzee wangu. Nilisoma Malaysia na kazi yangu sasa ni ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo post yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo.

Ugonjwa wenu si bei kupanda. Kanuni yenu imefunga mchango wa hujaji ikaacha ruzuku ielee. Maana yake ongezeko lote la bei, kutoka 450,000 hadi 850,000, limebebwa na mfuko peke yake. Hujaji hakuongeza hata shilingi. Kingefungwa kiasi cha ruzuku, mchango wa hujaji ndio ungepanda, na kila mtu angeliona tatizo mapema kwa sababu lingemgusa mfukoni.

Na usimngoje mwenyekiti. Riali imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, tangu 1986, kwa hiyo shilingi yetu ikiteleza mbele ya dola inateleza vilevile mbele ya riali. Juu ya hapo, Julai 2020 Saudi Arabia ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 5 hadi 15. Gharama za namna hiyo huwa hazirudi chini.

Indonesia wamepita hapo mlipo, ila kwa ukubwa wa kutisha. Kule mtu anaweka rupia milioni 25 ili apate nambari ya foleni, na foleni inachukua miaka mingi, sehemu nyingi zaidi ya ishirini. Pesa za wote wanaosubiri zinawekezwa na shirika moja, BPKH, lililoanza kazi 2017. Faida ya uwekezaji huo ndiyo inayopunguza gharama ya wanaosafiri mwaka huo. Umeona? Faida ya pesa ya anayesubiri inampandisha ndege anayeondoka. Kufikia 2022 hujaji alikuwa analipa kama asilimia 40 tu ya gharama halisi.

Januari 2023 wizara yao ya dini ikapendekeza hujaji alipe asilimia 70, kama rupia milioni 69. Watu wakalalamika sana, na wengine walikuwa wameshajipanga kwa bei ya zamani. Bunge likaishia kwenye gharama ya milioni 90, hujaji alipe 49.8. Mwaka uliofuata, 2024, ikawa 56 kati ya 93.4, yaani asilimia 60. Wanapanda ngazi polepole, hawarudi nyuma. Na tofauti na nyinyi, wao wanakula faida. Nyinyi mnakula mtaji wenyewe. Samahani Mzee, lakini ni lazima lisemwe hivyo.

Malaysia wana Tabung Haji, mfuko wa akiba uliotokana na chombo kilichoanzishwa 1963. Wao walichagua kuangalia kipato. Mwaka 2023 gharama ilikuwa ringgit 30,850. Asilimia 40 ya chini kwa kipato walilipa 10,980, wa katikati 12,980, na asilimia 20 ya juu wakalipa zote 30,850 bila kupunguziwa hata senti. Mwenye duka la jumla na muuza omena hawakuwekwa kwenye mstari mmoja.

Lakini hata hao walijikwaa. Mwisho wa 2017 mali za mfuko zilikuwa pungufu ya madeni yake kwa ringgit bilioni 4.1, huku wenye akiba wakiendelea kugawiwa bonasi kila mwaka wakifurahi. Serikali ililazimika kuanzisha kampuni nyingine ya kubeba mali zilizoshuka thamani. Nikuulize tu: chama chenu kinagawa chochote wakati wa Idd?

---

Mzee wa Daftari, Kisumu

Mchele na sukari. Kilo tano tano. Naandika chini.

---

Boda wa Shibale, Mumias

Mimi nitauliza swali la kijinga. Hajj ni kwa mwenye uwezo, au sivyo? Sasa kama mtu hana, si amesamehewa na Mola wake? Kwa nini tumlazimishie safari kwa pesa za mwenzake? Huku kwetu ukikaribia uchaguzi utaona waheshimiwa wanagawa tikiti za hajj, na wanaopewa ni walewale wenye sauti kwenye kamati, wengine hii ni mara ya pili. Watoto wa madrasa wanakaa chini. India si walifuta ruzuku yao wakasema pesa ziende kwa elimu ya wasichana? Nanyi futeni, lipeni karo.

---

Ustadh wa Mumias

Ndugu yangu Boda, swali lako halina ujinga. Aya iko wazi, Aal Imran 97, hajj ni haki ya Mwenyezi Mungu juu ya mwenye kuweza njia ya kuiendea. Fukara haimlazimu, na akifa bila kuhiji hana deni. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, hata mtu akikuletea pesa za safari kama zawadi hulazimiki kuzipokea. Lakini kutolazimika si kukatazwa. Akisaidiwa kwa halali akaenda, hajj yake ni sahihi na aliyemsaidia ana ujira. Kwa hiyo tusimfungie mama wa omena mlango kwa kutumia aya.

Mzee wa Daftari, kwako nina mambo mawili, na la kwanza ni zito.

Pesa ya anayesubiri ni amana, au ukipenda iite mkopo kwa chama. Kwa vyovyote ni yake. Kumpa mwingine bila ridhaa yake hakuwi ruzuku hata kama mkutano ulipiga makofi. Kule Indonesia baraza la maulamaa, mwaka 2024, liliamua kwamba kutumia faida ya amana ya mtu kulipia gharama ya hujaji mwingine ni haramu. Hiyo ni faida tu. Wewe unazungumzia mtaji. Usiku huu kabla ya kulala andika mahali: milioni 2.3, ni ya akina fulani.

La pili, najua kuna atakayesema tuingize zaka. Msiguse. Wako wanavyuoni wa Hanbali walioingiza hajj ya fukara katika fungu la zaka la fii sabiilillah, yaani katika njia ya Mwenyezi Mungu, lakini kwa Shafi fungu hilo si la hajj, na jamaa zenu wa Kisumu wengi ni wa Shafi. Mtajiletea fitina msikitini, na maskini wa Nyalenda wanaongoja zaka hiyo watakosa unga. Sadaka na wakfu vinatosha. Mtoaji akijua anatoa kwa ajili ya nini, hakuna tatizo.

Ama karo ya shule, ni jambo jema. Lakini waliochangia chama hiki walichangia kwa nia ya hajj. Anayetaka mfuko wa karo aanzishe wa karo.

---

Mzee wa Daftari, Kisumu

Nashukuru sana, na wewe binti wa Bondeni nakushukuru hata kwa lile la mtaji. Nimekaa na kalamu tangu Alasiri. Nawaletea rasimu mniraruie.

Kwanza, natenganisha vitabu. Kila mwanachama ana amana yake, na shilingi yake haitoki mpaka aende yeye au ajitoe. Kila mwisho wa mwezi anapata ujumbe wa simu wenye salio lake. Ruzuku inakuwa mfuko mwingine, wenye akaunti yake, na kilichomo humo ndicho kinachogawanywa. Kukiwa hamna kitu, hamna ruzuku mwaka huo.

Pili, nani ataulisha huo mfuko? Tangu chama kianze wamekwenda na kurudi watu kama thelathini. Wengi bado wapo na biashara zao zinaendelea. Kanuni ya sasa inasema ukirudi umemaliza, huleti tena. Mimi naona aliyebebwa naye abebe. Wakileta 500 kwa mwezi kila mmoja, hiyo ni 180,000 kwa mwaka, na ndiyo iwe ruzuku. Pesa za mahema, zile 240,000, zote zizibe shimo. Kwa mwendo huo milioni 2.3 inarudi ndani ya miaka kumi. Mchele na sukari ya Idd vinasimama, na hapo ndipo nitakapotukanwa zaidi, nawajua watu wangu.

Tatu, ruzuku iangalie hali. Mwenye nyumba za kupangisha Manyatta ajilipie. Sijui nitapimaje kipato cha mtu ambaye hana hati ya mshahara, lakini mtaani tunajuana. Watu watatu wanaoaminiwa, mmoja awe mwanamke, wakikaa hawatakosea sana.

Lipo gumu ambalo siwezi kulificha. Kwa 3,000 kwa mwezi, mtu atafika 850,000 baada ya miaka zaidi ya ishirini na tatu. Nilipolipata jibu hilo nilidhani nimekosea kugawa. Zamani kanuni ilikuwa inalifunika jambo hili. Kwa hiyo zamu nayo lazima ibadilike: anayeweza kuleta 6,000 alete, na anayekamilisha kwanza ndiye anayeondoka kwanza.

Ninapokwama ni kwa watatu wa mwaka huu. Wana 400,000 kila mmoja na neno la chama.

---

Binti wa Bondeni, Nakuru

Rasimu ni nzuri kuliko ripoti nyingi ninazolipwa kuzisoma. Ila zile laki mbili na nusu za mahema weka kando kidogo kwa ajili ya hema litakalochanika. Shimo likichukua miaka kumi na mbili si neno, mradi kila mtu analiona likipungua.

Kuhusu watatu, angalia walivyofanya wengine. Nigeria, 2024, naira iliporomoka mahujaji wakiwa wameshalipa, na mwezi Machi wakaambiwa kila mmoja aongeze naira milioni 1.9 ndani ya siku chache. Serikali ikaingiza naira bilioni 90 kupunguza makali, na bado wapo walioshindwa. Hilo ndilo la kuepuka: kumwambia mtu mlangoni.

India, ambayo Boda ameitaja, Mahakama yao ya Upeo iliamua 2012 ruzuku ipunguzwe hatua kwa hatua na iishe ndani ya miaka kumi. Serikali haikungoja, ikaifuta Januari 2018. Na kule kulikuwa na malalamiko ya siku nyingi kwamba ruzuku ya nauli inalifaidi shirika la ndege la serikali kuliko hujaji, kwa sababu tikiti zilikuwa za huko na bei ilikuwa ya huko. Hivyo kabla hujamlilia mwanachama aongeze, muulize wakala zile 850,000 zinakwenda wapi. Hoteli iko mbali kiasi gani na Haram, ule msikiti mtukufu wa Makka? Chakula ni cha lazima? Tafuteni bei kwa mawakala watatu wenye leseni, kwa maandishi. Mkipunguziwa 70,000 tu, ni kubwa kuliko ruzuku yote ya mtu mmoja kwa rasimu yako, maana 180,000 kwa watatu ni 60,000.

Mwaka huu mpelekeni mmoja, yule mama, kwa sababu ya umri. Pengo lake lifanyiwe harambee ya wazi kwa jina lake, si kutoka benki ya chama. Wale wawili waelezwe sasa hivi, ana kwa ana, wachague: waendelee kuongeza, au wachukue 400,000 zao.

---

Boda wa Shibale, Mumias

Harambee ya mama nitumieni nambari. Sina nyingi. Na wale waheshimiwa waalikwe, waje watoe mchana kweupe.

---

Muuza Leso, Kisumu

Assalaam alaykum. Mzee, mahema manne, sufuria za pilau, matanga ya Ahero. Ulidhani hatutajijua? Mimi ni mwanachama wako, na nimeletewa hii na shemeji yangu aliye Eldoret. Eldoret! Wao wamejua kabla yangu.

Sijakasirika kwa sababu ya rasimu. Rasimu naikubali, hata ya mchele. Nimekasirika kwa sababu nina 312,000 mle ndani na kila nikikuuliza hesabu unaniambia "ziko salama, mama". Hazikuwa salama.

Sasa nami niseme yangu. Hawa waliokwenda miaka miwili ya mwisho, walioongezewa laki nne na kitu kila mmoja, kwao 500 kwa mwezi ni mzaha. Wawili nawajua wana magari. Waitwe waambiwe waliyoyala ni ya nani. Wakikubali kurudisha, hata kwa miaka mitano, shimo linaziba haraka. Wakikataa, basi, lakini waitwe.

Na hiyo kamati ya watatu yenye mwanamke mmoja, iwe na wanawake wawili. Ndio tunaojua nani ana nini.

---

Mzee wa Daftari, Kisumu

Wa alaykum salaam mama. Nimekusikia, na la kuwaita waliokwenda nimeliongeza. Ustadh, wakirudisha itakuwa ni hiari au ni deni?

---

Ustadh wa Mumias

Walipokea wakiamini ni ruzuku halali, kwa hiyo usiwaite wadeni mbele ya watu. Waelezeni ukweli faraghani, kila mmoja peke yake, kisha muwape nafasi. Mdaiwa wa kwanza ni chama, na viongozi waliopitisha. Wanawake wawili naunga mkono.

---

Mzee wa Daftari, Kisumu

Basi mkutano ni Jumapili. Si Alasiri, Kibuye itakuwa imejaa na nusu ya wanachama wako sokoni. Ni baada ya Isha, ukumbi wa madrasa. Nitakuja na vitabu vyote 52 na taarifa ya benki, na kila mmoja atasoma chake. Mwenyekiti nimeshamwambia. Hakufurahi.

---

Muuza Leso, Kisumu

Nitakuwepo, na nitakuja na wenzangu kumi. Lete na viti upande wetu, Mzee. Mkutano uliopita wanawake tulisimama mpaka mwisho, na chama kinakodisha viti.